Namna ya kupata breki zinazokubali baiskeli ya zamani, Lubumbashi

Ukifika kibandani ukaomba tu "breki ya Phoenix" au "breki ya baiskeli ya Ulaya", muuzaji atakupa breki. Kama itakaa kwenye baiskeli yako, hiyo ni habari nyingine. Jina lililoandikwa kwenye fremu halisemi mengi. Phoenix za Shanghai, Hero za Ludhiana na Raleigh za Nottingham zimetengenezwa kwa miaka mingi na kwa maumbo tofauti, na nyingi zinazozunguka mjini kwetu zimeshabadilishwa magurudumu, uma au usukani. Kinachoamua ni vipimo: umbo la rimu, umbali kutoka tundu la boliti mpaka rimu, na aina ya boliti yenyewe. Ukiwa navyo vimeandikwa kwenye karatasi, unaweza kununua breki hata kwa mtu ambaye hajawahi kuiona baiskeli yako.

Naandika kwanza kwa ajili ya wanaoendesha kwa kazi, wale wanaoleta makaa kwa barabara ya Kasenga na ya Kipushi, wanaobeba unga na bidoni za maji. Baiskeli iliyopakiwa mpaka mwendeshaji haonekani kwa nyuma, ikishuka mteremko bila breki ya kuaminika, hatari yake haimhusu mwendeshaji peke yake. Mbele kuna watoto wanaotoka shuleni. Lakini hata kama baiskeli yako inakupeleka kazini tu na kukurudisha, vipimo ni vilevile.

Tafuta rula ya shule, kipande cha boksi, msumari, kalamu na kitambaa. Hivyo vinatosha kwa sehemu kubwa ya kazi.

Anza na rimu

Geuza baiskeli magurudumu juu, ufute rimu kwa kitambaa chenye maji mpaka chuma kionekane. Kisha weka ukingo wa rula ubavuni mwa rimu, pale chini kidogo ya tairi. Kama rula inalala bapa juu ya ukanda wa chuma wenye upana wa karibu sentimita moja, rimu hiyo inaweza kubanwa kutoka pembeni, na breki za kibano, zenye mikono miwili inayobana rimu kama koleo, zinaifaa. Kama rula inayumba kwa sababu ubavu umeviringika, na ukitazama upande wa ndani, ule unaoelekea spoki, unaona njia mbili laini kulia na kushoto mwa mstari wa spoki, hiyo ni rimu ya breki za fimbo. Raba zake hazibani pembeni. Zinavutwa kutoka upande wa kitovu na kukandamiza rimu kwa ndani.

Tofauti hii haina mjadala. Kibano kwenye rimu iliyoviringika kitagusa kwa mstari mwembamba tu, raba italika upande mmoja, na siku ya mvua itateleza kabisa. Ukikuta fundi anataka kukufungia kibano kwenye rimu ya namna hiyo "kwa muda", mkatalie kwa heshima, umwambie utarudi.

Zipo pia rimu zilizotengenezwa zikubali zote mbili, zenye ubavu bapa na njia za ndani. Ukiwa nayo, una bahati ya kuchagua.

Sasa soma tairi. Pembeni kuna namba kubwa, 28 au 26, na mara nyingi kuna namba nyingine ndogo kama 40-635 au 37-622. Hiyo ndogo ndiyo ya kuandika, kwa sababu hiyo kubwa inadanganya. Gurudumu la 28 la baiskeli nzito ya Kihindi au ya Kichina kwa kawaida ni 635, yaani rimu yenye kipenyo cha milimita 635 pale tairi linapokaa. Gurudumu la 28 la baiskeli ya mjini iliyokuja na kontena kutoka Ubelgiji au Uholanzi kwa kawaida ni 622. Wote wanaita 28. Kwa 26 tofauti ni kubwa zaidi: baiskeli ya zamani ya Kiingereza yenye tairi la 26 × 1 3/8 ni 590, na baiskeli ya milimani yenye tairi nene la 26 ni 559. Gawa tofauti hiyo kwa mbili, uone: rimu moja iko milimita 15 na nusu karibu zaidi na kitovu kuliko nyingine. Hakuna kibano kinachoweza kusogeza raba zake umbali huo.

Kwa hiyo, kama mtu aliyekuwa na baiskeli kabla yako aliweka gurudumu lingine, breki ya asili inaweza kuwa nzima na bado isifike. Baiskeli nyingi za mbio za zamani zilikuja na magurudumu ya inchi 27, yaani 630. Ukiweka 622, raba zinatakiwa kushuka milimita 4. Vibano vingi vya zamani vina nafasi hiyo kwenye mfereji wake, yaani tundu refu la mkono ambamo raba hupandishwa na kushushwa, kwa hiyo jaribu kwanza kushusha raba kabla ya kutoa pesa.

Pima umbali kwa boksi na msumari

Hiki ndicho kipimo ambacho wengi hawakichukui, na ndicho kinachowarudisha sokoni mara ya pili.

Hakikisha gurudumu limekaa sawasawa kwenye uma, limekazwa, na liko katikati. Kama limeinama, kipimo kitakuwa cha uongo. Toa breki ya zamani kama bado ipo. Kata boksi kipande chembamba, kirefu kama kiganja. Kiegemeze mbele ya uma, juu ya tundu la boliti, kisha upenyeze msumari katikati ya tundu mpaka utoboe boksi. Acha boksi lining'inie wima kufuata uma, upige alama mbili za kalamu pale ukanda wa breki wa rimu unapoanza na unapoishia. Toa boksi, upime kwa rula kutoka tundu la msumari mpaka katikati ya zile alama mbili. Andika "mbele" na hicho kipimo. Rudia kwa nyuma, kwenye daraja dogo linalounganisha mirija miwili juu ya gurudumu. Usidhani nyuma ni sawa na mbele. Kwenye baiskeli za zamani mara nyingi nyuma ni mbali zaidi, na kuna baiskeli zilizotoka kiwandani na vibano viwili vya urefu tofauti.

Vibano hupangwa kwa mafungu. Vile vya kisasa vya baiskeli za mbio hufika milimita 39 mpaka 49. Kabla yao vya kawaida vilikuwa 47 mpaka 57. Kuna vya 55 mpaka 73, na vya mikono mirefu vya 61 mpaka 78. Kipimo chako kikiwa 52, fungu la pili linakufaa. Kikiwa 68, una njia mbili. Kikiwa 45 kwenye baiskeli ya miaka ya 1970, pima tena, kwa sababu huenda gurudumu halikukaa vizuri.

Jihadhari na kipimo kinachoangukia mwisho kabisa wa fungu. Raba ikiwa chini kabisa ya mfereji, mkono mrefu unapinda kidogo kila unapovuta, na nguvu inapotea hapo. Kwa baiskeli ya kutembelea si tatizo kubwa. Kwa baiskeli ya mzigo, tafuta kibano ambacho raba inakaa katikati ya mfereji, au kinene zaidi.

Mara nyingine jibu limeandikwa kwenye chuma. Vibano vya Weinmann, ambavyo vilikuwa vingi kwenye baiskeli za Ulaya, vina namba iliyochongwa kwenye mkono: 500, 610, 730, 750. Namba hiyo inakaribiana na umbali wa mwisho ambao raba inafika, kwa hiyo 610 inafika kama milimita 61 na 750 kama 75. Ukikuta kimoja kwenye lundo la vyuma, sugua kutu kwa kidole upande wa mbele wa mkono, namba itatokea. Kwa vingine, pima mwenyewe kutoka katikati ya boliti mpaka juu ya mfereji wa raba na mpaka chini yake.

Mwisho wa hatua hii, angalia kama tairi na matigadi vinapita chini ya kibano. Mikono inaweza kufika kwenye rimu, na bado daraja la kibano likasugua tairi nene. Shika kibano mahali pake kwa mkono, uzungushe gurudumu.

Boliti ndiyo inayowashangaza watu

Breki za zamani zinashikwa kwa boliti ndefu ya milimita 6 inayopita kwenye uma na kukazwa nyuma kwa nati ya kawaida, spana namba 10. Breki za kisasa zina boliti fupi, na nati yake ni kama mrija mdogo unaoingia ndani ya uma na kukazwa kwa ufunguo wa pembe sita wa 5. Mrija huo una unene wa milimita 8, kwa hiyo tundu la nyuma la uma wa kisasa ni la 8 na la mbele ni la 6. Kwenye baiskeli ya zamani yote mawili ni 6. Utakuwa na breki nzuri, yenye urefu sahihi, na haiingii.

Zipo njia tatu. Ya kwanza ni kutafuta breki ya boliti ndefu na nati ya kawaida, ambazo bado zinatengenezwa kwa ajili ya baiskeli za bei nafuu. Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa mtu wa hapa, kwa sababu nati ya namba 10 utaipata kila kona ya mji. Ya pili ni ujanja unaofahamika na mafundi wengi: kibano cha mbele cha kisasa kina boliti ndefu kuliko cha nyuma, kwa hiyo kichukue ukifunge nyuma, ambako daraja ni jembamba, ukaze kwa nati ya kawaida na washa, kile kipete cha chuma. Ya tatu ni kupanua tundu la uma kwa drili mpaka 8, lakini tundu la nyuma tu, lile linaloelekea gurudumu. Tundu la mbele liachwe kama lilivyo, maana ndilo linaloishika breki isicheze. Na asiwepo mtu wa kupanua kwa kuchomea kwa moto. Uma uliochomwa karibu na shingo hauonekani umedhoofika mpaka uvunjike.

Kwenye baiskeli za zamani za Uingereza nyuzi za boliti mara nyingi si za milimita. Kama nati haizunguki kwa vidole angalau mizunguko mitatu, simama hapo. Ukiilazimisha kwa spana utaharibu boliti na nati pamoja.

Weka pia washa zenye mgongo uliopinda kati ya breki na uma, zile zinazofuata mviringo wa mrija. Wengi huzitupa wakidhani ni takataka. Bila hizo breki itajizungusha kila unapoivuta kwa nguvu.

Baiskeli za fimbo

Kwa Phoenix, Hero na wenzao wenye fimbo za chuma kutoka usukani mpaka gurudumu, kazi ni nyingine, na kwa bahati njema ni rahisi zaidi. Si lazima ununue breki nzima. Kwa kawaida kinachokufa ni raba, kisha boliti ndogo za kukazia fimbo, kisha ule upinde wenye umbo la U unaobeba raba. Fimbo zenyewe hudumu sana.

Nenda na upinde wako mkononi. Sokoni utasikia mazungumzo kama haya:

"Papa, uko na breki ya kinga, ile ya vyuma?"

"Iko, ndugu. Ya mbele ao ya nyuma?"

Kinga kwetu ni baiskeli. Hapo ndipo upinde wako unapokusaidia, kwa sababu wa mbele na wa nyuma havifanani, na upana unatofautiana kati ya kiwanda na kiwanda. Ulalishe juu ya huo mpya. Raba zikae mkabala na njia mbili za ndani ya rimu, zisiguse spoki wala zisitoke nje ya ukingo. Upinde ulio mpana kidogo kupita kiasi unaweza kufinywa kwa mkono. Mwembamba sana uache, kwa sababu ukiupanua utalegea pembeni.

Raba mpya hukaa ndani ya kikombe cha chuma, na kikombe hicho mara nyingi kimefungwa upande mmoja na wazi upande mwingine. Zungusha gurudumu kuelekea mbele, utazame rimu inapopita kwenye raba inakimbilia upande gani. Upande uliofungwa lazima uwe huko inakokimbilia. Ukikosea, siku utakapovuta breki kwa nguvu, rimu itaichomoa raba kwenye kikombe na kuitupa barabarani, na utabaki na chuma kinachosaga chuma. Kanuni hiyohiyo inatumika kwa raba za vibano. Ni jambo la kuangalia kwa macho yako mwenyewe hata kama fundi ni mzoefu, kwa kuwa jioni, foleni ikiwa ndefu, hata mkono mzuri unageuza kulia kuwa kushoto.

Breki ya nyuma ya fimbo ina tabia moja: ukivuta gurudumu nyuma ili kukaza mnyororo, nafasi kati ya raba na rimu inabadilika. Kila ukikaza mnyororo, rudi kwenye breki.

Mkono wa breki, waya na kava

Baiskeli za milimani zilizokuja na mitumba zina vijiti viwili vilivyochomelewa kwenye uma, ambavyo mikono ya breki huchomekwa juu yake. Kama baiskeli yako ina vijiti hivyo, usahau habari ya vibano, tafuta breki za aina hiyo. Za zamani zina mikono mifupi iliyotanuka pembeni na waya unaopita katikati juu ya tairi. Za baadaye ni ndefu, zimesimama wima, na mafundi huziita breki za V. Zote zinakaa kwenye vijiti vilevile, ila kwenye fremu za miaka ya 1980 vijiti wakati mwingine vimekaribiana, na mikono ya V inakosa nafasi ya kusimama wima. Pima kati ya kijiti na kijiti. Ikiwa karibu milimita 80, V itakaa vizuri.

Breki ya V inahitaji mkono wa usukani unaovuta waya mrefu, karibu mara mbili ya ule wa kibano. Ukiifunga V na mkono wa zamani, utavuta mpaka ugote usukani kabla breki haijashika, au itabidi raba zikaribie rimu kiasi kwamba gurudumu likipinda kidogo zinasugua. Ukifunga kibano na mkono wa V, mkono utahisi mgumu na imara, mnunuzi atafurahi kibandani, kisha barabarani baiskeli haisimami. Hilo la pili ni baya zaidi kwa sababu linadanganya. Nunua mkono na breki vya familia moja, na kama vimetoka kwenye baiskeli moja iliyokufa, bora zaidi.

Waya wa breki una unene wa milimita 1.5 au 1.6. Wa gia ni mwembamba, kama 1.2, na haujatengenezwa kubeba nguvu hiyo. Angalia pia kichwa: mikono ya usukani iliyonyooka hutumia kichwa chenye umbo la pipa dogo, mikono ya usukani uliopinda kama pembe hutumia kichwa chenye umbo la peasi. Nyaya nyingine huuzwa na vichwa vyote viwili, kila mwisho na chake, unakata usichohitaji. Kava, ule mrija ambamo waya unapita, nayo ina aina mbili. Ya breki, ukiikata, utaona ndani chuma kilichozungushwa kama springi. Ya gia ina nyuzi zilizonyooka kwa urefu, na ikibanwa kwa nguvu ya breki inaweza kupasuka, na breki ikapotea mara moja. Kwa hiyo kabla ya kulipa, tazama mdomo wa kava iliyokatwa.

Kama unatoka kwenye breki za zamani zinazovutwa katikati kwenda kwenye kibano kinachovutwa pembeni, vile vishikio vya kava vilivyo chini ya usukani na karibu na kiti havina kazi tena. Utahitaji kava inayofika mpaka kwenye kibano chenyewe, kwa hiyo pima urefu upya.

Wapi pa kutafuta

Vipuri vipya vya Kihindi na vya Kichina viko kwenye maduka na vibanda vya masoko makubwa, soko la Kenya, soko la Mzee, Njanja. Hapo utapata raba, nyaya, breki za fimbo na za V kwa urahisi. Vibano virefu vya zamani ni vigumu zaidi, na kwa hivyo nakushauri uende kwa mafundi wa mtaani wenye lundo la baiskeli zilizokufa nyuma ya kibanda, huko Katuba, Kamalondo au Ruashi. Nenda asubuhi, kabla kazi hazijamzidi. Msalimie, mwonyeshe boksi lako lenye alama, umwombe ruhusa ya kuchambua lundo. Fundi akiona mtu amekuja na kipimo, mazungumzo yanabadilika, maana anajua humrudishii kesho.

Ukipata kibano cha mitumba, kishike kwenye mwanga. Fungua na ufunge mikono: inatakiwa kurudi yenyewe kwa nguvu ya springi. Jaribu kutikisa mkono mmoja mbele na nyuma, kama unacheza sana tundu lake limelika. Tazama mikono yote kutoka juu kama imenyooka. Zungusha nati zote kwa vidole. Kisha chukua kila kitu kilicho pamoja nacho, boliti, washa, nati, kishikio cha waya, hata kama fundi anasema vingine atakupa bure baadaye. Kipande kidogo cha kushikia waya ndicho kinachokosekana siku zote.

Kufunga na kujaribu

Raba ziguse rimu peke yake. Zikipanda zikagusa tairi, zitalikata ubavu kwa siku chache. Zikishuka sana zitaingia kwenye spoki. Sehemu ya raba inayoelekea mbele iguse rimu kabla ya nyuma kwa kama milimita moja, hiyo inazuia kelele na mtetemo. Acha milimita 2 au 3 kila upande, vuta waya kwa koleo, kaza. Baadhi ya vibano havina kifungulio cha haraka, na mikono mingi ya zamani pia haina. Ukivikutanisha, gurudumu halitatoka bila kutoa upepo kwenye tairi. Ni usumbufu tu, si hatari.

Ukimaliza, simama, vuta kila mkono kwa nguvu zako zote huku ukihesabu mpaka kumi. Kama waya unateleza au kava inachomoka, ni afadhali itokee hapo uani. Kisha tembea pembeni ya baiskeli, vuta breki ya mbele peke yake na usukume: gurudumu la nyuma linatakiwa kuinuka. Vuta ya nyuma peke yake: gurudumu linatakiwa kuburuta. Panda bila mzigo, ujaribu kwenye njia tambarare isiyo na magari. Ndipo uongeze mzigo, nusu kwanza.

Rimu nyingi za zamani ni za chuma chenye kromu, na chuma hicho kikilowa hakishiki raba vizuri hata kama breki ni mpya na imefungwa na fundi bora. Mvua zetu zinaanza karibu Novemba na kuendelea mpaka Machi au Aprili, kwa hiyo ni sehemu kubwa ya mwaka. Raba za rangi nyekundu-kahawia zilizotengenezwa kwa ajili ya mvua zinasaidia, na kubadilisha rimu ya kibano iwe ya alumini kunasaidia zaidi ya kitu kingine chochote. Kama huwezi bado, anza kuvuta breki mapema na kwa upole ili raba zifute maji kwanza, kisha uvute kwa nguvu. Na yule udongo mwekundu wa barabara za pembeni ukikauka kwenye raba unasaga rimu kila unapovuta. Chokoa kokoto kwa ncha ya msumari kila jioni ya mvua.

Kama hakuna kinachokaa

Kuna fremu ambazo umbali wake unazidi 78, hasa za fimbo ambazo mtu anataka kuzigeuza. Hapo acha kuilazimisha rimu. Tafuta gurudumu la nyuma lenye breki ndani ya kitovu, lile la kukanyaga pedali nyuma. Baiskeli nyingi za mjini kutoka Uholanzi na Ubelgiji zinalo, halijali umbo la rimu wala mvua. Pima upana wa uma wa nyuma ndani kwa ndani, kwa kawaida kati ya milimita 110 na 120 kwa aina hii, ulinganishe na kitovu. Mkono mdogo wa chuma unaotoka kwenye kitovu lazima ufungwe kwa nguvu kwenye mrija wa chini wa nyuma wa fremu kwa kishikio na boliti, si kwa waya wala kwa mpira. Ukilegea, ekseli yote inazunguka. Breki hii inakosa kazi mnyororo ukikatika au kuruka, kwa hiyo bado unahitaji breki ya mbele, hata ile ya fimbo ya zamani.

Kukanyaga tairi kwa soli ya kiatu, au kufunga kipande cha tairi cha kusukuma kwa mguu, nakusihi usitegemee. Juu ya baiskeli iliyopakiwa, mguu unaoinuka kutoka pedali ni mguu uliopoteza usawa.

Nyaya mpya hunyooka baada ya siku za kwanza za kazi na mkono wa breki utaanza kukaribia usukani. Zungusha kirekebishi cha waya mpaka nafasi irudi, na kikiisha, legeza nati, vuta waya milimita chache, kaza tena. Mifereji ya raba ikishatoweka, raba imekwisha, nunua zote nne kwa pamoja.